Baba Aonaye Sirini

Wapendwa katika Bwana, katika Mathayo 6:1-6 Yesu anawaonya wanaotoa sadaka na kusali ili watazamwe na watu, akisema wamekwisha kupata thawabu yao. Tunalisoma neno hili tukiwa na simu mkononi, nasi hatuzilaumu simu, maana mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, anayeuliza bei kwa WhatsApp kabla mzigo haujapakiwa anafanya kazi halali.

Shida huanza pale bei inapojulikana na simu isiwekwe chini. Mtu huyo huyo, aliyeweka kwenye stetasi picha yake akiwa mbele ya Jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu ziwani Mwanza, hurudi kutazama ni nani ameiona, akapitia jina moja baada ya jingine, na lile analolitafuta lisipokuwemo moyo hunyong'onyea, hata kama wengine wengi wameitazama. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, aliwachunguza njiwa waliodonoa kitufe ili wapate chakula, akaona kwamba chakula kilipotoka bila mpangilio, mara kipo mara hakipo, waliendelea kudonoa muda mrefu hata baada ya chakula kukatika kabisa. Laiki nazo huja hivyo. Mwenzake Leon Festinger alieleza mwaka 1954 kwamba mtu anapokosa kipimo kingine hujipima kwa wenzake. Na wenzetu mtandaoni huonyesha harusi, si madeni ya harusi.

Hata hivyo, sidhani kwamba hamu ya kuonekana ni dhambi. Hajiri, kijakazi aliyekimbilia jangwani, alimwita Bwana "Mungu uonaye mimi" (Mwanzo 16:13), wala hakukemewa. Yesu naye haifuti thawabu, bali anamtaja mwingine wa kuitoa, yaani Baba aonaye sirini.

Katika hili nadhani sisi watu wa kanisa tumejikwaa kuliko wauza dagaa, kwa kuwa tunapokwenda wodini na sabuni na sukari, picha ya mgonjwa akiwa kitandani hurushwa kwenye kundi kabla sala haijaisha, naye hakuulizwa kama anapenda kuonekana katika hali ile. Kwa hiyo ziara ya Jumamosi hii itafanyika bila picha, na atakayeulizwa na jirani tulikuwa wapi anaweza kumjibu kwa mdomo.