Wiki Moja Rabai

Nimerudi mjini leo alasiri. Vumbi jekundu la Rabai bado limo viatuni na sijataka kulifuta.

Si mbali na Mombasa. Unapanda matatu mpaka Mazeras, kisha bodaboda inakupandisha vilimani, unalipita kanisa la kina Krapf na Rebmann, wamishonari waliofungua kituo chao Rabai mwaka 1846, halafu barabara inaishia kwenye minazi mitupu. Nyumba iko huko ndani, peke yake. Aliijenga babu yake mama kwa mawe na chokaa, na dari yake ni ya boriti za mikoko. Vyumba ni virefu na vyembamba. Utotoni nilidhani mzee alibana nafasi. Kumbe ni boriti ndizo zilizoamua, kwani mkoko haubebi dari nzito kuta zikiachana sana, mita 3 hivi ndiyo mwisho wake. Nilijilaza nikazihesabu moja moja: 22. Mwaka mzima huu sikumbuki nimetazama dari bila kuwaza kazi.

Usiku wa kwanza niliogopa sana. Saa nane hivi nilisikia mtoto mchanga akilia juu ya mnazi. Nikafunga dirisha, nikasoma kila dua niijuayo. Asubuhi nilipomweleza mzee anayeitunza nyumba, alicheka mpaka akaketi. "Mwanangu, huyo ni komba. Amefuata tembo." Akanionyesha vibuyu vinavyokinga tembo, pombe ya mnazi, huko juu. Nimekua nikisikia watu wakisema fulani kalewa kama komba, na sikuwahi kumsikia komba mwenyewe.

Basi nikawa naamka mapema kumwangalia mgema. Hupanda asubuhi na jioni, kotama, kisu chake cha kugemea, kiunoni, na kila akipanda hulikata karara la maua ya mnazi kipande chembamba mno, kama mtu anayekata kucha za mtoto. Asipokata, kidonda hukauka na tembo hukoma. Mimi tembo silinywi, lakini lile lililochacha kabisa likawa siki alinipa chupa moja, nami nikalitilia pilipili. Mchana nilikuna nazi kwa mbuzi ya bibi. Mbao yake imelainika kwa kukaliwa, na nilipoikalia niliona mwili wangu umejua wenyewe pa kuweka magoti. Nililia kidogo pale, tui mkononi. Jumatatu hadi Alhamisi sikufanya jambo jingine la kuandika.

Ijumaa ilinyesha, na pembe moja ya paa ikavuja juu ya boriti mbili. Hilo ndilo linaloniuma. Wenzangu katika familia wanasema nyumba iuzwe, haina mtu. Paa linataka makuti mapya, basi. Mawe yako imara. Nimewaandikia usiku huu kwamba makuti nitayanunua mimi, na funguo nimebaki nazo.

Hapa Kibokoni kunguru wataniamsha kabla ya adhana, nimeshawazoea. Ila jana, usiku wangu wa mwisho kule, komba hakuja. Niliacha dirisha wazi, nikakaa macho mpaka karibu alfajiri nikimsubiri.