Siku Anko alisikia isukuti ya solenoidi

Hii ilikuwa Kangemi, Nairobi, 2017, kwa mjomba wa rafiki yangu, ambaye sisi wote tulikuwa tunamwita Anko. Anko ni mpigaji wa isukuti, ile ngoma ya Waisukha na Waidakho kutoka Kakamega, na wikendi nyingi alikuwa anaitwa harusi ama matanga. Ngoma zake tatu zilikuwa zinakaa kona ya sebule, kubwa, ya kati na ndogo, na hakuna mtu alikuwa anaziguza bila kuuliza. Sisi tuliuliza. Tulimwambia tunataka kutengeneza mikono ya stima ya kupiga ile ndogo, hatutapiga msumari wala kutoboa mahali, fremu itasimama yenyewe kwa sakafu. Akanyamaza kidogo akasema sawa, lakini ngozi ikipasuka nyinyi ndio mtatafuta ingine.

Rafiki yangu alikuwa ameona video za Pat Metheny, yule mpiga gita Mmarekani ambaye mwaka wa 2010 alizunguka na jukwaa zima la vyombo vinavyojipiga kwa solenoidi, vingi vikiwa vimetengenezwa na Eric Singer, fundi wa roboti za muziki, na wenzake. Tangu aone hiyo kitu hakuwa anaongea mambo mengine. Mimi nilikuwa nafikiria isukuti tu. Nilitaka sana kusikia hiyo ngoma ikipigwa na kitu tumeunda wenyewe.

Solenoidi ni koili ya waya na chuma ndani, ukipitisha stima chuma kinaruka, ukikata springi inakirudisha. Tulipata za volti 12 Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki mjini, zile za kufuli za milango, tukafunga kila moja kwa kijiti chenye kipande cha raba mbele. Pawa ilitoka kwa saplai ya desktopu iliyokufa, unaunganisha waya wa kijani na mweusi inawaka, alafu waya wa njano unakupa volti 12 zenye nguvu. Kila solenoidi ilikuwa na transista yake ya TIP122, ile swichi ya kufungua na kukata stima, na dayodi, ile inapitisha stima upande mmoja tu, imekaa juu ya koili, kwa sababu koili ikikatiwa stima ghafla inarusha volteji ya kinyume inayoweza kuua transista hapo hapo.

Kibodi tuliazima kwa kwaya, Yamaha ya zamani yenye lile tundu la pini 5 nyuma. Hapo ndo MIDI inatokea, ile lugha vyombo vya muziki vya stima vinatumia kuongea. Watu wengi wanadhani MIDI ni sauti, kumbe hakuna sauti yoyote inapita kwa huo waya, ni namba tu. Ukibonyeza kitufe zinatoka namba tatu: ya kwanza inasema noti imeanza na iko chaneli gani, ya pili ni noti ipi, ya tatu umebonyeza kwa nguvu kiasi gani, 0 mpaka 127. Biti 31,250 kwa sekunde, hiyo spidi haijabadilika kwa huo waya tangu 1983 na bado inatosha, ujumbe mzima unafika kwa karibu milisekunde moja. Arduino, ile kompyuta ndogo ya bodi moja unayoiandikia programu, inasoma zile namba inafungua transista. Mimi nilikuwa naona hiyo ni kitu nzuri sana, kwamba kibodi ya kanisa na ngoma ya Kakamega zinaweza kuongea bila kujuana, bora tu kila moja iheshimu zile namba tatu.

Sasa Jumamosi ikafika, rafiki yangu akakaa kwa kibodi akaanza kubonyeza. Mikono ikaruka. Ngoma ikalia! Tulipiga kelele wote wawili, tukashikana, tukabonyeza tena na tena.

Anko alikuwa nje kwa veranda anakunywa chai. Hakuingia. Akauliza kutoka huko huko, "Ni nani huyo anapiga na mkono umekufa ganzi?"

Tukamwambia ni mashine, Anko, imeanza kufanya. Akaja na kikombe chake, akasimama, akasema pigeni tena. Tukapiga. Hakuangalia solenoidi wala waya, alikuwa anaangalia ngozi tu. Alafu akaweka kikombe chini, akainama, akasukuma fremu kando na mguu, pole pole, akapiga yeye mwenyewe mara moja, vidole vinne pembeni ya ngozi. Ile sauti ilijaa nyumba. Akapiga tena vile vile, sasa akaacha vidole vimelala juu. Tup. Ikafia hapo.

"Mmesikia? Huyu wenu anapiga alafu anakaa. Ngoma hailii ukiikalia. Inalia ukitoka."

Tulibaki tunaangaliana, juu mzee ambaye hajawahi kufungua ata redio alikuwa ametusomea sakiti yote kwa masikio. Ilikuwa hivi: programu ilikuwa inawasha solenoidi noti ikianza na kuizima noti ikiisha, vile kinanda kinataka. Lakini kidole cha mtu kwa kibodi kinakaa chini muda mrefu, na huo muda wote raba ilikuwa imekandamiza ngozi, na koili nayo inachemka bure. Ngoma haina haja na mwisho wa noti. Rafiki yangu akaandika upya ile sehemu, kwamba ikianza tu stima inapita muda mfupi alafu inakatwa, ata kama kidole bado kiko chini. Milisekunde 8 kwa pigo laini, 25 kwa pigo kali, na ile namba ya tatu ya MIDI ndo inachagua.

Ikawa afadhali. Anko akatingisha kichwa. "Bado anachelewa kutoka, lakini si kama mwanzo."

Na alikuwa sahihi tena! Ile dayodi inayolinda transista inafanya stima iendelee kuzunguka ndani ya koili kidogo baada ya kukatwa, kwa hivyo chuma kinaachiliwa pole pole. Tukaongeza rezista ya ohmu 10 kwa mstari mmoja na dayodi, stima ikawa inaisha haraka, kijiti kikaanza kuruka kurudi. Tukapiga. Anko hakusema kitu, alivuta ile kubwa katikati ya mapaja akaingia.

Sijui kama nitaweza kueleza vile ilikuwa. Majirani walikuja mlangoni. Sisi tulikuwa tumeweka mpigo kwa laptopu unajirudia, na yeye alikuwa anacheza juu yake anatabasamu, alafu akasimama ghafla akauliza, "Hii inaweza kupiga pole pole?"

Nikamwonyesha. Nikashusha tempo kutoka mapigo 140 kwa dakika mpaka 60. Hapo ndo nilielewa anataka nini. Ukipunguza spidi ya rekodi kwa simu sauti inaharibika, lakini hapa hakuna rekodi, ni ngoma yenyewe inapigwa kweli, kila pigo ni zima, ni nafasi tu katikati imeongezeka. Kijana aliyekuwa anampigia ndogo alikuwa ameenda Qatar kutafuta kazi. UNESCO iliweka isukuti kwa orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka mwaka wa 2014, na shida wanayosema huko ndo ilikuwa ndani ya hiyo nyumba, wazee wako, wa kuwapokea hawapo.

Akaita msichana mmoja kati ya wale wa mlangoni, wa darasa la sita hivi, akampa ngoma ya kati akamwambia fuata hiyo ndogo. Ikaenda kwa 60, akakosa, ikaendelea kumngojea bila kuchoka wala kumkaripia, akashika. Tukapandisha 70. Anko alikuwa amechuchumaa kando yake, anamwinua kifundo cha mkono na kidole kimoja kila anapokawia kwa ngozi.

Alafu akatugeukia sisi. Mpigo tulioweka kwa laptopu haukuwa wa Isukha, akasema, ni wa redio. Tukabandika piezo kwa ile kubwa, kale kasahani kembamba ka ndani ya buzza, kanasikia pigo na Arduino inalibadilisha kuwa namba za MIDI, tukamwambia Anko sasa piga wewe, mashine itaandika. Akaomba chai ingine kwanza.