Nilivyozisoma CD-RW za mjomba zilizosemekana zimekufa

Kama una CD-RW (CD inayoandikwa, ikafutwa na kuandikwa tena) ya zamani isiyofunguka, usikubali mtu aipake dawa ya meno. Ushauri huo nimepewa na watu wengi, wakiwemo mafundi wanaopokea hela za watu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwanza CD yenyewe iliandikwa na programu gani. Dawa ya meno inasugua plastiki ya juu. Shida ya CD hizi mara nyingi haipo kwenye plastiki.

Zangu ni za mjomba, mwalimu mstaafu hapa Tanga, anayekusanya mashairi yake ili yachapwe diwani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliyachapa kwenye kompyuta ya Windows 98. Flashi zilikuwa ghali, floppy ya MB 1.44 haikutosha hata picha zake za kuskani, basi aliyemuuzia kompyuta akamwekea programu ya DirectCD ili awe anaburuta faili moja kwa moja hadi kwenye CD-RW. Kompyuta ilipokufa zikabaki CD tu.

Kila mashine ilikuwa na hadithi yake. Laptop yangu, yenye draivu ya nje ya USB, ilizungusha na kunguruma halafu ikasema diski haina kitu. Stationery ya mtaani ilinionyesha majina yote ya faili, lakini kunakili ikagoma katikati. Ofisini kwa shemeji kompyuta iliuliza kama nataka kuifomati diski. Kijana wa pale akaniambia, "Kubali tu dada, ndivyo zinavyofunguliwa." Nilimtoa mkono kwenye mausi. CD-RW inafutika! Ukikubali swali lile, kompyuta inaanza kuandika upya juu ya kile unachokitafuta. Nakuomba sana, ukiliona bonyeza hapana, toa CD, nenda kwenye mashine nyingine.

Nikaamua kuelewa kabla ya kugusa chochote tena. Jambo la kwanza ni mwanga. CD ya muziki iliyotoka kiwandani hurudisha takriban asilimia 70 ya mwanga wa leza. CD-RW hurudisha kati ya asilimia 15 na 25 tu, kwa sababu data yake imekaa kwenye utando wa mchanganyiko wa fedha, indiamu, antimoni na teluri, unaobadilika hali kwa joto la leza. Draivu inayoisoma ni kama mtu anayesoma maandishi ya penseli kwa mwanga wa koroboi: macho yakichoka kidogo tu, haoni. Ndiyo maana hoja ya "mbona inapiga taarabu vizuri" haithibitishi kitu. Lenzi iliyochakaa inaweza kupiga CD za dukani mwaka mzima na isione CD-RW hata moja.

La pili ni namna ya kuandika. DirectCD, na programu mwenzake InCD vilevile, hazikutumia ISO 9660, mpangilio wa kawaida wa faili kwenye CD, bali mpangilio mwingine uitwao UDF 1.5, kwa vipande vidogo vidogo. Kila kipande kina sekta (vijisehemu vya diski) 32 za data na sekta 7 za kuunganishia, kwa hiyo CD ya MB 650 ikawa inabeba kama MB 530. Mjomba miaka yote aliamini ameuziwa CD pungufu. Windows 98 peke yake inajua UDF 1.02 tu, na hapo nikaelewa kwa nini CD zilifunguka nyumbani kwake lakini zikakataa kwenye kompyuta za shuleni, wakati huo zikiwa mpya kabisa. Kuanzia Windows 2000, UDF 1.5 inasomeka bila programu ya ziada. Kwa hiyo laptop yangu ilikuwa inaijua lugha. Ilichokosa ni macho.

Sasa macho niyapate wapi? Hapa ndipo ninapojivunia. Nilikwenda kwenye stoo ya mjomba nikafungua kasha la kompyuta ile iliyokufa, nikang'oa draivu iliyoziandika CD hizo. Draivu za kuandikia kwa kawaida huziona CD-RW vizuri kuliko za kusomea tu, na hii ndiyo iliyoziandika yenyewe. Trei ilikuwa imekwama. Ukinyoosha klipu ya karatasi na kuisukuma kwenye kile kitundu kidogo cha mbele, inatoka. Lenzi niliifuta taratibu kwa pamba yenye spiriti. Fundi mmoja wa Ngamiani akaniuzia kebo ya kugeuza IDE (kiunganishi cha draivu za zamani) kuwa USB, pamoja na adapta yake ya umeme, elfu ishirini na kitu hivi. Hakikisha ina adapta, draivu hizi haziendeshwi na umeme wa USB.

Nikawasha laptop kwa Ubuntu, mfumo wa Linux, kutoka kwenye flashi. Sikufungua folda wala kunakili faili mojamoja, kwa sababu kila ukikutana na sekta mbaya mfumo unang'ang'ania palepale. Nilichukua nakala ya diski nzima kwa ddrescue, programu ya kuokoa data:

ddrescue -n -b2048 /dev/sr0 mjomba.iso mjomba.map

Hiyo inabeba kwanza kila kinachosomeka kirahisi. Halafu:

ddrescue -d -r3 -b2048 /dev/sr0 mjomba.iso mjomba.map

Hiyo inarudia mashimo tu. Faili ya .map inakumbuka nini kimepatikana na nini bado, na uzuri wote uko hapo: unaweza kuhamisha CD ileile kwenye draivu nyingine, ukaendelea na ramani ileile. Draivu ya zamani ilibeba sehemu kubwa, ikashindwa karibu na ukingo wa nje. Ile ya USB iliyosema diski haina kitu niliipa mashimo yaliyobaki, na kumbe mengi iliyasoma! Draivu mbili, kila moja na udhaifu wake, zikakamilishana. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu sebuleni.

Kuifungua ile nakala ni kwa amri ya mount -t udf -o loop,ro, nayo folda ya mashairi ikajitokeza. LibreOffice ikafungua kila faili. Nikampigia.

"Shikamoo mjomba. Yapo."

"Marahaba, mama. Hata ya mwaka 2001?"

Hata ya mwaka 2001.

CD moja ilikuwa tofauti, imechomwa mjini kwa awamu kadhaa kwenye Windows XP, na kompyuta zote zilionyesha awamu ya mwisho tu. Hiyo haikuhitaji kebo wala ramani: programu ya IsoBuster huonyesha kila awamu peke yake, na picha za zamani zilikuwa kwenye ya kwanza, salama. Ukichoma leo kwenye Windows na diski itakwenda kwenye mashine ya mtu mwingine, chagua ile njia ya "kwa kicheza CD/DVD", siyo ile ya kuifanya kama flashi.

Kilichokosekana ni nusu ya chini ya picha moja ya harusi, ambayo shangazi anayo ya karatasi. Nitaiskani upya nikienda Pangani.