Siku moja maishani mwangu: fundi wa maabara ya kemia shuleni

Kwanza tuelewane, mimi siyo mwalimu wa kemia. Mimi ni yule wa chumba cha nyuma, mwenye koti jeupe lenye madoa, ambaye wengi wanadhani anaosha bika halafu anafunga mlango. Kuosha naosha, sikatai. Ila ukiingia praktikali ukakuta chupa A na chupa B mezani na zinatoa majibu yanayoeleweka, ujue kuna mtu kaamka mapema.

Saa 1 asubuhi nafungua madirisha, nakagua gesi, najaribu bomba la kuoshea macho. Hapo hamna stori.

Saa 1 na nusu nasoma oda ya mwalimu: "Titresheni. Asidi na besi ya kutosha." Titresheni ni kumwaga asidi kidogo kidogo kwenye besi, ambayo ni kinyume cha asidi, mpaka zimalizane, ili kujua imetumika kiasi gani. Ya kutosha! Hajasema nguvu yake ngapi, hajasema lita ngapi. Nampigia, ananiambia kwa sauti ya mtu anayenywa chai, "aah weka 0.1, lita mbili mbili." Haya. Yaani moli 0.1 kwa lita, na moli ni kipimo cha kuhesabia chembe. Besi yetu ni hidroksidi ya sodiamu, moli moja ni gramu 40, yaani sodiamu 23, oksijeni 16, hidrojeni 1. Lita mbili za 0.1 zinataka moli 0.2, kwa hiyo gramu 8. Kwenye karatasi mtoto yeyote anaweza. Kwenye mizani sasa, vile vidonge vinavuta unyevu wa hewani huku unaviangalia, vinaanza kulowa na namba inapanda yenyewe, kwa hiyo hiyo gramu 8 yako siyo ya besi tupu hata ukipima haraka vipi. Ndiyo maana siachi mambo kwa mizani. Asidi naipima nguvu yake kwa kaboneti ya sodiamu kavu, halafu besi naipima kwa hiyo asidi, ndipo naandika lebo.

Asidi yenyewe, haidrokloriki ya chupa kubwa, ina kama moli 12 kwa lita, so lita mbili za 0.1 zinatoka kwenye mililita kama 17 tu. Inamiminwa asidi kwenye maji, kamwe siyo maji kwenye asidi, kwa sababu kuna joto linatoka, na ukikosea mpangilio (hasa na ile ya salfuriki) maji yanachemka papo hapo na kukurushia asidi usoni. Hii sheria huwa naisema hata nikiwa peke yangu chumbani.

Saa 4 darasa linaingia. Bureti zimesimama (mirija mirefu yenye koki ya kudondoshea asidi), pipeti za sentimita za ujazo 25 zipo (mirija ya kupimia besi inayowekwa kwenye chupa ya koni), fenolfthalini ipo (dawa inayokuwa pinki kwenye besi na kupoteza rangi kwenye asidi). Meza karibu zote zinatumia asidi sentimita za ujazo 25 na pointi kidogo, nafurahi kimyakimya. Halafu meza ya nyuma mkono unapanda.

"Madam, besi yako imeharibika."

Besi YANGU. Naangalia daftari lao: 25.2, halafu 27.9, halafu 26.6. Nawaambia kama besi ingekuwa mbovu ingewasumbua wote, na isingekuwa inabadilika kila mzunguko. Kijana anasisitiza, anasema yeye kafanya kila kitu sawa, kasoma bureti chini ya ule mpindo wa maji, katumia matone mawili ya fenolfthalini, kasimama pinki ilipopotea. Na kweli kafanya. Nikamwambia rudia nikuone. Akachukua chupa ya koni, akaimwagia besi kidogo, akaisuuza, akaimwaga, ndipo akaja na pipeti. Nikamshika mkono.

"Si tuliambiwa kila chombo kisuuzwe na kitu kitakachokaa ndani?"

Bureti na pipeti ndiyo, chupa ya koni hapana! Pipeti imeshakupimia, sentimita za ujazo 25 za 0.1 ni moli 0.0025, basi, hiyo ndiyo asidi inakwenda kukutana nayo. Masalia ya kusuuzia ni moli za ziada ambazo hujazihesabu, na kila mara yanabaki kiasi tofauti, ndiyo maana namba zako zinacheza. Maji je? Maji hayana neno. Watu ishirini ukiwahamishia ukumbi mkubwa zaidi wanabaki ishirini. Hakuamini, nikaona usoni. Nikachukua chupa safi, nikaweka besi ya pipeti moja, nikamwagia maji kibao ya distili, nikamwambia haya endelea. Ikatoka 25.1.

Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kwa nini basi bureti isisuuzwe na maji tu tukaacha hapo. Kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe, kwamba maji yakibaki mle asidi inapungua makali na utatumia nyingi zaidi kufikia zilezile moli. Jamani! Mimi siyo mwalimu lakini nilijisikia mwalimu.

Ila muda umekwenda, na darasa la pili lipo mlangoni na bureti mbili bado chafu, na huko mbele kuna mtu kamwaga fenolfthalini nusu kidroppa kwa sababu "pinki haionekani vizuri", kumbe alichoweka kwenye koni ni asidi, haitaonekana mpaka kesho. Baada ya hapo sikuangalia saa. Nilikula nimesimama, miguu inawaka.

Jioni mabaki yote ya asidi na besi nayakusanya ndoo moja, yanamalizana yenyewe kuwa maji na chumvi, naweka litmasi, karatasi inayobadilika rangi kwa asidi au besi, kuhakikisha, kisha namwaga na maji mengi. Chupa ya besi nafunga kwa kizibo cha mpira, maana cha kioo kinang'ang'ania hakitoki tena.

Nikiwa navua koti mwalimu akapita: kesho rangi za miali ya moto (chumvi inashikwa kwa waya na kuwekwa motoni ionyeshe rangi yake), sodiamu, potasiamu, shaba. Maana yake kila waya usuguliwe na kuchovywa kwenye asidi kali, kwa sababu chembe ya sodiamu ikibaki tu, ile njano yake inafunika zambarau ya potasiamu na meza ya nyuma wataniambia chumvi yangu imeharibika. Nikavaa koti tena.