Siku Moja Nikipanga Ziara ya Barafuto na Volkeno

Saa 1:00 asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, ninatandaza ramani ya kusini mwa Aisilandi juu ya meza ya idara ya jiografia. Orodha ya maeneo tuliyopendekezewa ni ndefu kuliko saa tutakazokuwa nazo, kwa hiyo kazi ya leo ni kupunguza.

Saa 3:00 sina kipindi, nami ninaanza na Sólheimajökull, barafuto, yaani mto wa barafu unaosogea polepole, inayoshuka kutoka kofia ya barafu ya Mýrdalsjökull, ambako volkeno ya Katla, iliyolipuka kwa kishindo mwaka 1918, imefunikwa na barafu. Mada zetu mbili zinakutana hapo waziwazi: barafu ina michirizi myeusi ya majivu, na mbele ya ncha yake kuna ziwa lililojitokeza kadiri barafuto inavyorudi nyuma. Sitaki wanafunzi waishie kupiga picha. Kila kikundi kitafuata mto kuanzia kwenye moreni, yaani lundo la mawe na udongo lililoachwa na barafuto, kikiokota kokoto kwa vipimo vya umbali vilivyo sawa na kuandika urefu wa kila moja na ukali wa pembe zake, ili ionekane kama kweli maji huyalainisha mawe kadiri yanavyoyapeleka mbali. Nimetenga saa mbili na nusu. Mwenzangu anasema ni nyingi. Mimi naona ni chache, kwa sababu sehemu kubwa ya muda huo huliwa na kuvaa glavu na kubishana jiwe lipi liingie kwenye sampuli.

Saa 5:00 ninafundisha.

Saa 7:00 mchana ninampelekea mwalimu mkuu tathmini ya hatari. Hana shida na matembezi juu ya barafu, maadamu tutakuwa na kiongozi aliyefuzu, kofia ngumu na miiba ya chuma ya kufunga viatuni. Anakwama kwenye ufuko wa Reynisfjara.

“Mwalimu, huko si ndiko mawimbi yanakowazoa watu?”

Ninamjibu kuwa ndiko, na kwamba watalii wamekufa pale, lakini nguzo za basalti, mwamba mweusi wa volkeno, zilizopasuka hivyo lava ilipopoa na kusinyaa, huonekana vizuri hata mtu akisimama mbali na maji. Anakubali kwa sharti kwamba bahari ikichafuka, hatushuki kwenye basi.

Saa 9:00 alasiri ni zamu ya rasi ya Reykjanes, ambako milipuko ilianza tena mwaka 2021 na wakazi wa mji wa Grindavík wakahamishwa Novemba 2023. Mahali kama hapo hapapangwi bila mbadala. Njia zikifungwa tutakwenda Þingvellir, kwenye nyufa za ardhi zinazoonyesha jinsi mabamba mawili ya ganda la dunia, la Amerika Kaskazini na lile la Ulaya na Asia, yanavyoachana kwa takribani sentimita 2 kwa mwaka.

Saa 10:30 ninafuta ziwa la Jökulsárlón, ingawa vipande vyake vya barafu vinavyoelea ndivyo kila mtu anavyovitaka. Tutaishia Skeiðarársandur, uwanda wa changarawe usio na mvuto wowote, penye vyuma vya daraja vilivyopindwa na mafuriko ya mwaka 1996, baada ya mlipuko wa volkeno kuyeyusha barafu chini ya kofia ya barafu ya Vatnajökull.

Saa 12:00 jioni ninamalizia fomu ya ridhaa ya wazazi. Ninaongeza swali kuhusu aina ya viatu, kwa kuwa miiba ile haishiki kwenye raba laini.