Siku Nilipofungiwa Nje na Kikoi

Julai 2009, siku yangu ya tatu Nairobi. Nilikuwa nimekuja na basi la usiku kutoka Mombasa, nikafikia kwa binamu yangu mtaa wa Umoja, chumba kimoja ghorofa ya tatu. Saa nane mchana nilikuwa na intavyu mjini. Suti ya kuazima ilining'inia nyuma ya mlango, vyeti vimo ndani ya bahasha kitandani, na mimi nikaona nishuke mara moja kununua maziwa ya chai.

Nilishuka kama nilivyoamka: fulana, sweta ya binamu, kandambili na kikoi. Kwetu Kibokoni, Mombasa, hilo si jambo la kufikiria. Kikoi unaamka nacho, unaenda nacho msikitini alfajiri, ukirudi unapitia mahamri na mbaazi, unakaa nacho barazani. Mzee wa heshima zake hutupia shati jeupe na kofia, akatoka zake na hakuna wa kumwambia neno. Changu alininunulia mama kabla sijasafiri: cheupe, ukingo wa buluu iliyoiva na manjano, matamvua bado mapya.

Niliporudi juu, mlango umejifunga. Ulikuwa wa aina ile inayojibana yenyewe ikisukumwa na upepo. Ufunguo ndani, simu ndani, suti ndani. Namba ya binamu sikuwa nayo kichwani. Nilichojua ni kwamba yuko kwenye duka la mapazia Eastleigh, karibu na Garissa Lodge. Mkononi nilikuwa na pakiti ya maziwa na shilingi sabini.

Nikashuka tena hadi getini. Soja wetu alikuwa Mmaasai wa upande wa Loitokitok, shuka nyekundu ya mirabaraba begani, kabuti zito juu yake, rungu mkononi. Watu wa ploti walimpita bila kumgeukia. Mimi nilipofika tu, mama mboga aliyekuwa akikatakata sukuma wiki aliacha kisu kikasimama hewani. "Haki huyu amesahau suruali." Mtoto aliyevaa yunifomu akamuuliza mamake kwa sauti kubwa mbona anko amevaa leso. Mama alimvuta mkono, lakini mabega yake yalikuwa yakitetemeka kwa kicheko.

Soja hakucheka. Alinipokea maziwa aniwekee, kisha akakitazama kiuno changu kama fundi anayetazama kazi ya fundi mwingine.

"Na hii inakaa bila mshipi?"

Nikamwonyesha palepale. Unakifungua kwa upana wake, unalaza upande mmoja juu ya mwingine, unavuta mpaka kikaze chini ya kitovu, kisha unaviringisha pindo la juu kuteremka mara mbili tatu mpaka liwe kama kamba nene. Nimewahi kuikimbilia feri ya Likoni nacho, na hakikunitoka. Soja akatikisa kichwa. "Yetu inakaa kwa bega," akasema. "Bega haianguki."

Matatu ya mjini ilikuwa shilingi thelathini. Makanga alinipokea mlangoni: "Buda, umetoka kuoga ama ndio unaenda?" Gari zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao maana nifanyeje. Nikaketi magoti yamebanana. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na Julai baridi yake haina utani. Kikoi kimefumwa kwa ajili ya pwani, ili upepo upite. Basi siku ile ulipita, Jogoo Road yote.

Nikawaangalia wenzangu. Hapa kulikuwa na Waluo, Wakamba, Wakikuyu, Waluhya, nani sijui, na wanaume wote wamevaa kitu kimoja: jaketi, suruali nyeusi, kofia ya mavin imevutwa hadi masikioni. Nikakumbuka lile shindano la 2004 la kutafuta vazi la taifa. Vazi lilizinduliwa, na ndani ya gari lile sikuona hata mmoja aliyelivaa. Ningewaambia kwamba vazi la taifa tayari wanalo, limetoka Ulaya ndani ya robota la mitumba. Lakini mtu aliyekaa na kikoi kwenye baridi ile hana uso wa kuhutubia.

Nilishukia Muthurwa. Zilibaki arobaini, na nikitaka kurudi lazima nizihifadhi, kwa hivyo nikaamua kwenda Eastleigh kwa miguu nikikata Gikomba.

Ukipita Gikomba asubuhi unakuta marobota yanakatwa kamba na watu wamejazana kungojea kamera, zile nguo za kwanza kuchaguliwa, ambazo huwa zimeondoka kabla wewe na mimi hatujafika. Kijana mmoja alisimama juu ya meza katikati ya rundo la suruali akiniita kutoka mbali. "Boss wa Mombasa! Leo nakuvalisha!" Alijuaje, sijui. Kumbe nilikuwa nimejiandika mwili mzima.

Akaninyooshea suruali ya kaki. Mia mbili. Kwangu, mia na hamsini. Nikamwambia nina arobaini. "Jaribu kwanza, kujaribu si pesa."

Pembeni wateja wengine walikuwa wakijaribu zao juu ya suruali walizokuja nazo, wanarukaruka kwa mguu mmoja kwenye matope, wameshikana mabega. Mimi niliiingiza ile kaki chini ya kikoi, mguu mmoja, mguu wa pili, nikafunga kifungo, na hakuna aliyeona hata goti. Kijana akapiga makofi. "Huyu amekuja na chumba chake cha kubadilishia!"

Kisha akashuka mezani, akashika tamvua la kikoi changu, sauti ikawa ya chini. "Toa hii, chukua hiyo long'i, tumalizane. Hizi wazungu wanapenda."

Nilisimama pale nikiwa nimevaa vyote viwili. Suruali ilinikaa vizuri, nisidanganye. Miguu ilikuwa imeanza kupata joto. Ningetoka pale na hakuna mtu Nairobi nzima ambaye angenigeukia tena. Nikafikiri jinsi mama alivyokikunjua dukani, akakinusa, akakivuta kwa mikono miwili kupima uzi. Nikaivua suruali kulekule chini, nikamrudishia. Alisonya, akanigeuzia mgongo, akaendelea kuita watu.

Ukitoka Gikomba unaingia Majengo ya Pumwani, mtaa wa tangu miaka ya 1920, na ghafla nikaona vitu ninavyovijua: mwanamke kajifunga leso moja kiunoni, ya pili mabegani, kama inavyotakiwa doti. Mzee kwenye benchi kavaa kikoi kilichopauka, koti la suti juu yake, kofia kichwani. Nikampa salamu, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Wa Mombasa wewe? Wa mtaa gani?"

"Kibokoni, mzee."

Macho yakateremka. Uso ukakunjamana. "Sasa ndio mnavyofunga siku hizi Kibokoni? Mbele kiko magotini, nyuma kinafagia. Simama ufunge vizuri, mwanangu."

Ni kweli, shughuli za Gikomba zilikuwa zimekipinda. Nilikifunga upya mbele yake, na akangoja mpaka nimalize ndipo akaniruhusu niende.

Eastleigh hakuna aliyeniangalia. Wanaume wa Kisomali walipita na macawiis zao, ndio vikoi vya kwao, wengine na koti juu, wanajadiliana bei ya dola. Binamu ndiye aliyeonekana mgeni pale, na jinzi iliyombana mpaka hawezi kuinama. Mwenye duka, mzee mwenye ndevu za hina, aliushika ukingo wa kikoi changu kwa vidole viwili, akauliza mbona hakijashonwa. Yake imeshonwa mviringo, unaingia ndani na kukunja. "Upepo ukija?" akaniuliza. Sikuwa na jibu zuri. Binamu alinipa ufunguo na nauli, akinisihi nisimwambie mtu yeyote kwamba tunajuana.

Intavyu niliiwahi. Kazi sikuipata, lakini suti ilisifiwa.

Nilipokuwa nikirudi kubadilisha nguo, nilimkuta soja getini na kikombe cha chai. Maziwa yangu yalikuwa ndani yake. Kabuti lilikuwa limefunguliwa vifungo, na chini yake, juu ya kaptula, shuka moja kaizungusha kiunoni huku kaishika kwa mkono usio na kikombe.

"Inaanguka," akasema. "Onyesha tena."