Vyumba vinane na maji ya mvua

Mwaka 2013 nilinunua kibanja pembezoni mwa Bombo, nchini Uganda, mwendo wa dakika kumi kwa bodaboda kutoka barabara kuu ya Gulu, nikiwa na nia ya kujenga vyumba vinane vya kupangisha. Kwa Kiganda vyumba vya namna hiyo huitwa mizigo, na sisi tunaozungumza Kiswahili hapa mjini tumelicheka jina hilo miaka mingi, kwa kuwa anayejitwika mzigo wenyewe ni mwenye nyumba.

Wanaotaka ushauri wangu huanza na ardhi, nao wana haki. Ardhi ya huku ni ya mailo, mfumo uliotokana na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, ambapo mtu mmoja hushika hati na mwingine hukaa juu ya ardhi hiyo hiyo kwa haki ya kibanja, akimlipa mwenye hati busuulu, yaani ada ya ardhi ya kila mwaka. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inamtaka mwenye kibanja apate idhini ya mwenye hati kabla ya kumhamishia mtu mwingine haki yake. Mjomba wangu, aliyenisindikiza siku ya malipo, alinizuia nisitoe hata shilingi mpaka mwenye hati aje, akae nasi mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na atie sahihi. "Mjomba," aliniambia, maana ndivyo tunavyoitana, "huyu anauza haki ya kukaa, hauzi udongo." Siku hiyo niliona ananichelewesha bure. Leo ardhi ndiyo sehemu pekee ya mradi huu ambayo haijawahi kuninyima usingizi.

Kilichoninyima usingizi ni muda. Watu wengi nchini Uganda hujenga kidogo kidogo kwa fedha taslimu, na si kwa kupenda. Nilipiga hesabu ya mkopo wa shilingi milioni 60 kwa riba ya asilimia 18: riba peke yake ingekuwa shilingi 10,800,000 kwa mwaka, wakati vyumba vinane kwa shilingi 120,000 kila kimoja kwa mwezi vingeniletea 11,520,000, tena iwapo vyote vina wapangaji na wote wanalipa. Basi nikajenga kwa mshahara. Msingi ulikwisha mwaka 2014, kuta zikafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, mwaka 2015, kisha ada za shule zikaingia kati na kazi ikasimama hadi 2018. Kwa miaka hiyo mitatu kuta zilikaa wazi bila paa, zikipigwa na mvua za Machi hadi Mei, kisha zile za Septemba hadi Novemba. Fundi aliporudi alizishika nondo zilizochomoza kwenye nguzo za baraza, akazikwangua kwa ukucha, na kutu ikamwagika kiganjani mwake kama unga wa muhogo uliochanganyika na udongo mwekundu. Tulivunja nguzo mbili na kuzimwaga upya. Kwa maneno mengine, nilianza kukarabati nyumba ambayo hakuna mtu aliyekuwa amelala ndani yake bado.

Kosa la pili lilikuwa langu peke yangu. Mwaka 2019, nilipobakiwa na fedha chache, fundi aliniuliza kama tuweke gata, yaani mifereji ya kukinga maji ya mvua, kuzunguka paa, kwa gharama ya shilingi 900,000, nami nikajibu kwamba gata zitasubiri, rangi kwanza, kwa sababu mpangaji anatazama rangi. Misimu sita baadaye maji ya paani yalikuwa yamechimba mfereji chini ya ukingo wa mabati, yakirusha tope ukutani kwa kimo cha goti. Plasta ilivimba, ukiigonga inatoa sauti ya debe tupu, na nyuma ya chumba cha sita msingi ulikuwa nje kiasi cha kupitisha mkono. Mama anayepanga chumba hicho, ambaye ananiheshimu mno kusema jambo waziwazi, alinikaribisha ndani akaniomba tu nimsaidie kusogeza kitanda. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa umeota ukungu mweusi. Kazi ile ilinigharimu 3,600,000, na gata nikaziweka vilevile.

Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 inanitaka nihakikishe nyumba inafaa kukaliwa na binadamu, nayo inazuia kupandisha kodi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Sina ugomvi na hayo. Linaloniuma ni ushuru wa mapato ya pango: tangu Julai 2022 mtu binafsi analipa asilimia 12 ya kila kinachozidi 2,820,000 kwa mwaka, bila kupunguziwa gharama yoyote. Kwangu ni shilingi 1,044,000 kila mwaka, niwe nimetengeneza ukuta au nimeuacha uoze. Ushuru wa namna hiyo, kwa maoni yangu, unamtendea mwenye kukarabati na mwenye kupuuza kana kwamba ni mtu mmoja.

Nilipokwenda Jinja mwaka jana nilitembea kwenye barabara kuu nikitazama juu tu. Majengo ya wafanyabiashara wa Kiasia, mengine yenye mwaka wa kujengwa umechongwa usoni, yaliachwa Idi Amin alipowafukuza wenyewe mwaka 1972, na ingawa sheria ya kuwarudishia mali ilipitishwa mwaka 1982, mengi yalikaa muda mrefu mikononi mwa wapangaji waliojua kwamba nyumba si yao na kesho wanaweza kutolewa. Nani atapanda ngazi kuzibua gata ya mtu asiyemjua? Kwenye jengo moja mtini ulikuwa umeota ndani ya mfereji wa paa na mizizi yake imeshuka ukutani hadi kwenye dirisha la chini. Kuta za jengo hilo ni nene kuliko zangu mara mbili.

Sasa naweka kando shilingi 96,000 kila mwezi, sehemu ya kumi ya kodi, kwenye akaunti isiyo na kadi. Mwezi huu ina 740,000. Shimo la choo limekaribia kujaa, gari la kunyonya linatoka Kampala, na mpangaji wa chumba cha pili amenipigia simu asubuhi kusema kwamba gata ya upande wake inavuja kwenye kiungo. Nimeazima ngazi kwa jirani, naye anaitaka kabla ya magharibi.